Maelekezo Bora Hulinda Daftari la Wanachama

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya maandishi ambayo wengi huyaona kuwa ni shughuli ya mafundi peke yao, yaani maelekezo ya kusakinisha mfumo endeshi katika kompyuta. Mfumo endeshi ni programu kuu inayoiongoza mashine, inayotunza mafaili, na inayoziwezesha programu nyingine kufanya kazi. Ninakusudia kuonyesha kwamba namna maelekezo hayo yanavyoandikwa na kuwekewa alama ni jambo linalogusa mali ya wanachama.

Sababu ya kulizungumza sasa iko wazi. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida kwa Windows 10. Kompyuta nyingi za zamani hazitimizi masharti ya Windows 11, mojawapo likiwa ni kuwa na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Chama chenye mashine ya namna hiyo kitalazimika kununua mpya, au kutafuta njia ya muda ya kuendelea na mfumo wa zamani, au kusakinisha mfumo wa bure kama vile Debian. Katibu atakayeshika njia hiyo ya mwisho atafanya kazi akiwa na maelekezo mkononi. Katika diski ya mashine ile ile yamo majina ya wanachama, uzito wa mazao waliyoleta, malipo yao na madeni yao. Maelekezo yakimpotosha, vyote hivyo vyaweza kufutika kwa dakika chache.

Ndugu zangu, hebu tuutazame mstari mmoja tu. Mwongozo wa kusakinisha Debian unamweleza mtu ambaye tayari anatumia Linux jinsi ya kuuhamishia mfumo mpya kwenye flashi. Amri yenyewe huandikwa hivi:

# cp debian.iso /dev/sdX

Katika mstari huu mfupi yamo mambo matatu yasiyofanana. Kwanza ni ile alama ya # iliyo mwanzoni. Hiyo huonyeshwa na kompyuta yenyewe, kuashiria kwamba anayetoa amri ana mamlaka ya msimamizi mkuu. Haipaswi kuandikwa na msomaji. Akiiandika, kompyuta huuchukulia mstari mzima kuwa ni maelezo tu. Haifanyi lolote, wala haitoi lawama. Msomaji hubaki akidhani kazi imekwisha.

Pili ni amri yenyewe, ambayo sharti iandikwe herufi kwa herufi, pamoja na nafasi zake. Jina la faili la debian.iso hapa linasimama mahali pa jina la faili ambalo msomaji amelipata hasa.

Tatu ni ile herufi X ya mwisho. Hiyo nayo si ya kunakiliwa. Imewekwa ili msomaji aiondoe, na mahali pake aweke herufi ya flashi yake. Akiiacha X kama ilivyo, hakuna kitakachoandikwa kwenye flashi. Akibahatisha na kuandika a, hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa katika kompyuta nyingi za zamani zenye diski moja, sda ndiyo diski ya ndani yenye kumbukumbu zote. Amri hii haiulizi mara ya pili. Huandika juu ya kilichokuwapo.

Basi, ikiwa maneno hayo yote yamepigwa chapa kwa herufi za namna moja, msomaji mgeni atajuaje lipi la kuandika, lipi la kuacha na lipi la kubadilisha? Kosa likitokea, si haki kumlaumu yeye peke yake. Sehemu ya lawama ni ya mwandishi.

Waandishi wa miongozo ya kompyuta waliliona tatizo hili zamani. Mwaka 1991 kampuni za HaL Computer Systems na O'Reilly zilianzisha utaratibu wa alama uitwao DocBook. Msingi wake ni kwamba mwandishi hasemi, "Neno hili liwe nene," au, "Neno hili liwe jekundu." Husema neno hilo ni kitu gani: hii ni amri, hili ni jina la faili, hiki ni kitu cha kubadilishwa na msomaji, hili ni onyo. Sura ya maandishi huamuliwa baadaye, kulingana na mahali yatakaposomwa. Mwongozo wa kusakinisha Debian umeandikwa kwa utaratibu huo. Kutokana na chanzo kimoja hutolewa kurasa za kusomwa kwenye intaneti, kitabu cha kuchapishwa, na maandishi matupu. Na kila aina ya kompyuta hupata mwongozo wake, kwa sababu sehemu zinazohusu aina fulani tu zimewekewa alama ya kuzitenga.

Faida ya jambo hili yaonekana hata katika ofisi zetu. Mwandishi aliyetofautisha amri na maelezo kwa rangi peke yake amejenga juu ya mchanga, kwa maana karatasi ikipitishwa kwenye mashine ya fotokopi, rangi zote huwa nyeusi. Lakini aliyeweka alama ya maana aweza kuamua kwamba katika karatasi amri zitiwe ndani ya kisanduku, na vya kubadilishwa vipigiwe mstari. Mfasiri naye hunufaika, maana huona papo hapo maneno ya kutafsiri na maneno ya kuachwa yalivyo. Amri ikifasiriwa kwa Kiswahili, kompyuta haitaielewa kamwe.

Wala tusidhani kwamba chombo fulani ndicho kitakachotuokoa. Wenzetu wa mfumo wa FreeBSD walitumia DocBook kwa miaka mingi, kisha Januari 2021 wakahamia utaratibu mwepesi zaidi uitwao AsciiDoc. Lililo muhimu ni kwamba kila namna ya neno iwe na alama yake, na alama hiyo isibadilike toka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.

Jambo la pili ni mpangilio. Onyo lililowekwa baada ya amri halimsaidii mtu, kwani msomaji hutenda kadiri anavyosoma. Katika mwongozo wa Debian, agizo la kuhifadhi nakala ya kumbukumbu limo katika sura ya tatu, inayohusu maandalizi. Kisakinishi chenyewe huelezwa katika sura ya sita. Huo ndio mpangilio ufaao.

Jambo la tatu ni tarehe na toleo. Debian 13 ilitolewa Agosti 2025, na haina tena kisakinishi cha kompyuta za zamani za biti 32. Toleo la 12, la mwaka 2023, lilikuwa nacho. Karatasi isiyotaja toleo wala aina ya mashine yaweza kumpotezea katibu siku nzima, ingawa kila neno lake lilikuwa kweli siku lilipoandikwa.

Ndugu wanachama, tufanye nini? Kila chama kinachotunza kumbukumbu zake kwa kompyuta kiwe na karatasi yake ya maelekezo, nayo ifuate kanuni hizi:

1. Juu kabisa iandikwe tarehe, toleo la mfumo, na kompyuta inayohusika.
2. Hatua ya kwanza iwe kuhifadhi nakala ya kumbukumbu nje ya mashine hiyo, na kuhakikisha kwamba nakala yenyewe inafunguka.
3. Kila hatua iwe na tendo moja, na ipewe namba.
4. Amri ikae katika mstari wake peke yake. Isipigwe kwa programu inayounganisha vistari viwili kuwa kimoja au kupinda alama za kunukuu, kwa kuwa kompyuta haizichukulii kuwa sawa.
5. Kitu cha kubadilishwa kiwe na alama moja ya kudumu, na alama hiyo ifafanuliwe mwanzoni, pamoja na mfano.
6. Onyo litangulie hatua yenye hatari.
7. Baada ya kila hatua ielezwe msomaji ataona nini kwenye skrini, na afanye nini asipokiona.

Karatasi ikishaandikwa, ijaribiwe kwa kompyuta isiyo na kumbukumbu za chama. Apewe mtu ambaye hajawahi kufanya kazi hiyo, na aliyeiandika akae kando pasipo kusema neno. Kila mahali msomaji anaposita, hapo pana kasoro ya maandishi, nayo irekebishwe kabla karatasi haijasambazwa.

Mwisho, miongozo ya mifumo hii ya bure huandikwa kwa sehemu kubwa na watu wanaojitolea, wakisahihishana kwa manufaa ya wote. Jambo hilo si geni kwetu wanaushirika. Debian hupokea taarifa za kasoro kwa barua pepe kutoka kwa mtu yeyote, na mwongozo wake ni miongoni mwa mambo yanayoweza kutolewa taarifa. Katibu aliyekwama mahali fulani kwa sababu ya sentensi isiyoeleweka ana jambo la thamani la kuwaambia waandishi. Na aliambie, ili yule ajaye baada yake asikwame hapo hapo.

Daftari la wanachama ni amana. Tuilinde kwa kufuli, kwa nakala, na kwa maandishi yasiyo na utata.