Hospitali Yetu ya Kilifi na Maswali ya Mlangoni

(Maelezo ya afisa wa uhamasishaji wa afya mbele ya wananchi)

Nimeombwa nizungumze juu ya Hospitali ya Kaunti ya Kilifi, na nitaanza na jambo ambalo najua linawakera wengi: maswali ya mlangoni.

Mama ametoka Ngerenya na mtoto mgonjwa mgongoni, anaulizwa anaishi wapi na mwenye mji ni nani. Mtoto mahututi anapaswa kuhudumiwa kwanza, hilo halina mjadala. Lakini maswali yenyewe yana historia.

Hospitali hii ilikuwa ya wilaya, kama nyingine za Pwani. Mwaka 1989 Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya, yaani KEMRI, ilianzisha hapa kituo cha utafiti pamoja na Wellcome Trust ya Uingereza. Wadi ya watoto ikawa mahali ambapo kila ugonjwa unaandikwa kwa makini, na maabara ikaweza kuotesha vijidudu vya damu, kazi ambayo hospitali nyingi za wilaya hazikuwa nayo. Mwaka 2000 tukaanza kuhesabiwa nyumba kwa nyumba, katika eneo la kilomita mraba 891 ambalo kufikia 2011 lilikuwa na watu zaidi ya 260,000. Jina la kijiji chako linaunganisha wadi na hesabu hiyo. Bila hivyo tungejua waliolazwa ni wangapi, tusijue ni wangapi kati ya wangapi.

Mmepata nini? Mwishoni mwa 2001 Kenya ilianza chanjo ya Hib, kijidudu kinacholeta nimonia na homa ya uti wa mgongo. Ndani ya miaka mitatu, ugonjwa mkali wa Hib kwa watoto wa Kilifi ulipungua kwa asilimia 88. Mwaka 2011 ikaja chanjo ya nimokoko, na ugonjwa mkali unaoletwa na aina za kijidudu hicho zilizolengwa na chanjo ukapungua kwa zaidi ya asilimia 90 kwa watoto walio chini ya miaka mitano. Takwimu hizi zilitoka kwa watoto wenu, na zimesomwa dunia nzima.

Kuna na jambo la dripu. Mwaka huo huo wa 2011 yalitoka matokeo ya utafiti wa watoto zaidi ya 3,000 wa Kenya, Uganda na Tanzania, Kilifi ikiwemo. Ilidhaniwa kwamba mtoto mwenye homa kali aliyeishiwa nguvu, damu yake haizunguki vizuri, ajazwe maji ya mshipa kwa haraka. Ikaonekana waliojazwa haraka walikufa zaidi. Kwa hiyo ukiona dripu ya mtoto wa namna hiyo inatiririka polepole, usidhani muuguzi amezembea. Muulize, akueleze.

Najua pia neno mumiani limetajwa hapa Kilifi, kwa sababu ya damu. Sidharau hofu hiyo; damu ya mtoto si kitu cha mchezo. Una haki ya kuuliza: damu hii ni ya matibabu au ya utafiti? Kama ni ya utafiti, lazima uelezwe na ukubali mwenyewe. Ukikataa, matibabu ya mtoto wako hayapunguzwi.

Mwaka 2013, kwa ugatuzi, hospitali iliingia mikononi mwa kaunti. Sasa inapokea wagonjwa wanaotumwa kutoka vituo vidogo, pamoja na kina mama wenye uzazi mgumu na wanaohitaji upasuaji. Ndiyo maana inaumiza kuona foleni imejaa vikohozi na vidonda vidogo ambavyo zahanati ya Ngerenya au kituo cha Matsangoni kingemaliza asubuhi hiyo hiyo. Ukipewa barua ya rufaa, njoo nayo pamoja na kijitabu cha kliniki.

Kuhusu degedege: wako wanaosema ni nyuni, na mtoto hupelekwa kwanza kwa mganga. Mimi sibishani na mtu juu ya nyuni. Naomba mtoto apite hospitali kwanza, kwa sababu malaria ikipanda kichwani hupoteza uhai kwa saa, si kwa siku. Wakati wa degedege mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, tafuta usafiri.

Tangu Oktoba 2024 bima ya NHIF imepisha SHA. Jisajili kwa *147# ungali mzima, wewe na watoto wako. Ukisajiliwa, huduma za msingi za zahanati na vituo vya afya vya umma hulipiwa na serikali. Asiye na simu aje na kitambulisho kwa mhudumu wa afya wa kijiji chake, amsaidie.

Sasa nipokee maswali, tuanze na kina mama walioketi huku nyuma.