Kibanda cha Mashua: Kiachwe Wazi au Kifungwe?

Mazungumzo kwa wavuvi, wenye mashua na wachuuzi wa samaki, Lodwar na Kakuma



Kikundi cha wavuvi kinapopata pesa za kununua boti ya faiba, au kuipa sura mpya ile ya mbao, swali la kwanza huwa injini. La pili huwa nyavu. Swali la kibanda huja mwisho, wakati fundi ameshika tepu mkononi na anataka jibu siku hiyo hiyo: ajenge chumba chenye kuta, mlango na vioo, au asimamishe nguzo nne na turubai? Wengi hujibu kwa macho. Chumba kilichofungwa kinapendeza, kinafanana na boti za serikali na za watalii, na mwenye mashua huonekana ameendelea. Lakini jibu hilo huamua kama watu wanne au watano watarudi Kalokol wakiwa hai siku upepo ukibadilika katikati ya ziwa.

Basi heri kuanza na upepo wenyewe. Ziwa Turkana liko kwenye mlango. Upande mmja kuna nyanda za juu za Ethiopia, upande wa pili nyanda za juu za Kenya, na katikati nchi ni ya chini. Hewa inayotoka kusini mashariki hubanwa hapo ikaongeza kasi, jinsi maji ya mto yanavyokimbia yanapopita kati ya miamba miwili. Ndiyo sababu mitambo 365 ya umeme wa upepo ilijengwa ng'ambo ya ziwa, karibu na Loiyangalani katika Kaunti ya Marsabit, ikazinduliwa rasmi mwaka 2019. Pale wastani wa upepo ni takriban mita 11 kwa sekunde, yaani kama kilomita 40 kwa saa. Huo ni wastani tu. Mvuvi anajua kwamba upepo huo huwa mkali zaidi usiku na asubuhi, saa zile zile za kutega na kutegua nyavu.

Ziwa hili limewashinda hata wageni wenye vyombo na ramani. Mwaka 1934 watu wawili wa msafara wa Mwingereza Vivian Fuchs walivuka kwenda Kisiwa cha Kusini. Hawakurudi, na miili yao haikupatikana.

Sasa hesabu. Chukua kibanda kilichofungwa chenye urefu wa mita 2 na kimo cha mita 1.5. Ubavu wake ni mita mraba 3. Upepo wa mita 11 kwa sekunde ukipiga ubavu huo husukuma kwa nguvu ya kilo 22 hivi. Upepo ukifika mita 20 kwa sekunde, kama unavyofika dhoruba inaposhuka, nguvu haiongezeki mara mbili tu. Inapita kilo 70, kwa sababu kasi ya upepo ikiongezeka maradufu, msukumo wake huwa mara nne. Na msukumo huo hauji chini kwenye maji ambako mashua ina uzito wake. Unakuja juu, kama mtu mzima aliyesimama kando akisukuma paa bila kuchoka. Wimbi likiinua ubavu ule ule kwa wakati huo huo, mambo yamekwisha.

Uzito nao uhesabiwe. Kibanda hicho kikijengwa kwa plaiwudi ya milimita 12, kuta na paa peke yake hukaribia kilo 90, kabla ya fremu, vioo, bawaba na rangi. Ni kama kupakia mtu mmoja na nusu kisha kuwaamuru wasimame safari nzima na wasikae kamwe. Kwenye meli kubwa hiyo si kitu. Kwenye boti ya mita 7 ni jambo kubwa, na samaki wakiwa wachache chini, sehemu ya juu ndiyo inayotawala.

Wenye kukipenda chumba cha kufungwa wana hoja zao, nazo si za kudharauliwa. Usiku katikati ya ziwa kuna baridi ya upepo, hata kama mchana Lodwar imepita digrii 35. Maji ya chumvi chumvi hurushwa usoni, yakakauka yakawasha macho. Simu, redio ya upepo, taa na vitabu vya hesabu vinahitaji mahali pakavu. Mvuvi anayelala majini siku mbili tatu karibu na Kisiwa cha Kati angependa kujilaza pasipo kurushiwa maji. Hayo yote ni kweli. Mvua ndiyo isitajwe sana: Lodwar hupata takriban milimita 200 tu kwa mwaka, na kujenga nyumba juu ya maji kwa ajili ya mvua hiyo ni kununua gumboti za kutembelea jangwani.

Jua ndilo adui wa kila siku, na dhidi ya jua chumba kilichofungwa ni tanuri. Faiba na vioo huingiza joto na kulizuia lisitoke. Mwendeshaji hufungua madirisha yote, kisha mlango, na baada ya mwezi mmoja mlango umefungwa kwa kamba usipigepige. Hapo amebaki na uzito wote wa chumba na faida zote za turubai.

Kuna hatari nyingine isiyoonekana. Boti nyingi hapa zina injini ya nyuma. Boti inapokwenda, hewa iliyo nyuma ya kibanda huzunguka na kurudi ndani, ikibeba moshi wa injini. Ndani ya moshi huo kuna gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Mtu huanza kuumwa kichwa, akadhani ni jua au njaa, akalala. Jiko la makaa la kuchemshia chai ndani ya chumba kilichofungwa hufanya vivyo hivyo, na upesi zaidi. Mvuke wa petroli pia ni mzito kuliko hewa. Hushuka sakafuni na kungoja cheche. Jerikeni ya petroli haifai kukaa ndani ya kibanda kilichofungwa, iwe safari ni fupi namna gani.

Lakini jambo zito kuliko yote ni kupinduka. Afrika Mashariki imejifunza kwa machozi. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza, na mamia ya watu walikuwa bado ndani ya vyumba vyake. Sehemu ya chini ilibaki ikielea juu, ikatobolewa ili watu watolewe. Hewa iliyokuwa ikiishikilia ikatoka, meli ikazama. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Kisiwa cha Ukara, watu zaidi ya 220 wakafa. Siku mbili baadaye fundi wa injini alitolewa akiwa hai, kwa kuwa alikuwa amejifungia mahali palipobaki na hewa. Mtu mmoja aliokolewa na chumba. Waliouawa na vyumba ni wengi mno. Na mashua ndogo ya uvuvi haina hata hiyo hewa ya kutosha siku mbili.

Jaketi la kuokoa maisha lenyewe hugeuka ndani ya chumba. Kazi yake ni kumwinua mtu. Mashua ikipinduka, aliye nje huinuliwa hadi juu ya maji. Aliye ndani huinuliwa hadi kwenye sakafu ambayo sasa imekuwa dari, na ili atoke lazima azame kwanza apite mlangoni, jambo ambalo jaketi linamkataza. Si sababu ya kuvua jaketi. Ni sababu ya kuwa na njia pana ya kutokea.

Kazi ya nyavu nayo ina maoni yake. Wavu huvutwa ubavuni, na kila pembe, bawaba na kitasa ni mahali pa kunasa. Watu wawili wanaovuta mbuta mkubwa wanahitaji kusimama, kuinama na kupishana. Kuona kunahitajika pia. Tangu maji ya ziwa yalipopanda miaka ya karibuni, miti iliyozama iko karibu na fuo nyingi, na usiku kioo chenye chumvi na mwanga wa taa huonyesha uso wa mwendeshaji mwenyewe badala ya kisiki kilicho mbele. Kiboko na mamba husikika kabla ya kuonekana, ila si kwa mtu aliyejifungia.

Mkazi wa Kakuma anaweza kuuliza haya yote yanamhusu nini yeye aliye mbali na maji. Yanamhusu mezani. Samaki hutoka Kalokol kwa barabara hadi Lodwar, kisha kilomita 120 hivi zaidi hadi Kakuma, ambako familia za Turkana na za wakimbizi hununua kwenye soko moja. Kilo mia moja za kibanda ni kilo mia moja za barafu au samaki zilizoachwa ufuoni. Kivuli kinachomfunika mwendeshaji huku samaki wakilala juani kimewekwa mahali pasipofaa. Mama mchuuzi anayechangia pesa za boti ana haki ya kuuliza kivuli kitaangukia wapi.

Kwa hiyo, kwa boti za mita 6 hadi 9 zinazovua upande wa magharibi wa ziwa, kibanda cha wazi ndicho kinachofaa. Paa liwe turubai juu ya mabomba mepesi, likunjike na kufungwa kwa dakika moja upepo ukianza. Turubai lisiloweza kushushwa ni tanga lisilo na nahodha. Mbele pawekwe kinga fupi ya kifuani, wazi kwa nyuma, ya kuvunja maji yanayorushwa. Vitu vya kukaa vikavu viwekwe katika sanduku la plastiki lenye mfuniko wa kubana, lililofungwa chini kabisa. Kivuli kirefushwe hadi kwenye sanduku la barafu.

Chumba cha kufungwa kina mahali pake: boti ndefu, pana, yenye sitaha, inayobeba abiria au doria, iliyochorwa na mjuzi tangu mwanzo chumba kikiwemo. Hata hapo mlango uwe wa kuteleza au wa kufunguka nje, pawe na njia mbili za kutokea, na dirisha la kumpitisha mtu mzima aliyevaa jaketi. Kukipachika baadaye juu ya boti ya wazi ndiko kunakoua. Kalokol ina kumbukumbu ya kitu kizuri kilichohamishwa bila kupimwa: kiwanda cha kugandisha samaki kilichojengwa kwa msaada wa Norway mapema miaka ya 1980. Kilikuwa kizuri kwa nchi ya baridi. Hapa gharama ya kupoza samaki kwenye joto hili ilishinda bei ya samaki wenyewe, na kiwanda kikasimama.

Kikundi ambacho tayari kina kibanda cha kufungwa kisikate tamaa wala kisingoje. Kiondoe vioo vya pembeni na ukuta wa nyuma, kibakize paa na kinga ya mbele. Kisha boti ijaribiwe alasiri upepo ukiwa umetulia, kwenye maji ya kufika kifuani, kila mtu akiwa na jaketi. Ipakiwe mzigo wa kawaida. Watu wawili wasimame ubavu mmoja, waisukume iyumbe, waache. Boti salama hurudi upesi, kwa ukali kidogo. Inayoyumba polepole, ikakaa kidogo upande mmoja kama inayofikiria kabla ya kurudi, imebeba uzito mwingi juu. Hiyo isitoke ufuoni mpaka ipunguzwe, na matokeo yaandikwe katika daftari la kikundi cha usimamizi wa ufuo ili nahodha wa kesho, ambaye huenda hakuwepo siku ya kujaribu, ayasome kabla ya kuwasha injini.