Mulika Mwizi Ikizimika, Tuanzie Chini

Haya ni maelezo aliyoyatoa afisa wa habari wa kaunti katika kikao cha wakazi mjini Ruiru. Tunayachapisha kwa faida ya wakazi wa Thika na maeneo mengine ambao hawakuwepo.

 

Leo nimeombwa nizungumzie zile taa za nguzo ndefu zinazosimama sokoni, kwenye steji na katika makutano, ambazo sote tunaziita mulika mwizi. Anayetoka zamu ya usiku kiwandani Thika, anayeshuka matatu Githurai saa nne usiku, mama mboga anayekwenda kuchukua bidhaa saa kumi alfajiri, wote wanajua tofauti kati ya nguzo inayowaka na iliyozimika.

Kwanza, jukumu ni la nani? Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inaziweka taa za barabarani miongoni mwa kazi za kaunti. Kwa hivyo hatuwezi kukwepa lawama. Stima tunainunua kutoka Kenya Power, na bili inalipwa kwa pesa za umma, yaani pesa zenu. Barabara Kuu ya Thika ni ya kitaifa na iko chini ya KeNHA, lakini taa za mitaani na sokoni ni wajibu wetu.

Pili, wengi hudhani kwamba fundi hupanda hadi juu. Nguzo nyingi za aina hii zina urefu wa mita 20 hadi 30, na hakuna anayepaswa kuzipanda. Chini kabisa kuna mlango mdogo. Ndani yake mna swichi kubwa, nyaya na winchi. Fundi hukata stima, huzungusha winchi, na ringi iliyobeba taa hushuka polepole kwa kamba za chuma. Ikifika chini hubadilisha taa iliyoungua, hufuta vumbi kwenye vioo, hukagua kama kamba zina kutu, kisha huzipaka grisi. Msiione grisi hiyo kuwa jambo dogo. Kamba ikikatika huku ringi ikining'inia juu ya soko, ni msiba.

Hapo ndipo ninapowaomba ndugu zetu wenye vibanda. Najua mnakaa karibu na nguzo kwa sababu ndipo penye mwanga, na mwanga huo ndio unaowawezesha kuuza jioni. Lakini kibanda kikiegemea mlango, fundi hawezi kuufungua. Na kukiwa na mabati kuzunguka nguzo nzima, ringi haina pa kutua. Tuacheni nafasi ya mlango na ya ringi. La sivyo, siku taa zikizimika, kazi ya saa chache itageuka mabishano ya wiki nzima.

Tatu, namna ya kuripoti. Hapa nakiri kosa langu mwenyewe. Niliwahi kupokea simu kwamba "taa ya steji imezimika," nikaipitisha hivyo hivyo. Mafundi walikwenda kwenye steji nyingine kabisa, na usiku huo waliopiga simu wakalala gizani. Tangu hapo huwa nauliza maswali manne.

Nguzo ipi? Kama ina namba, isome. Kama haina, taja duka, shule au kanisa lililo karibu.

Imezimika taa moja au zote? Ikiwa moja, huenda taa yenyewe au kifaa kinachoiendesha kimeharibika. Zikiwa zote, shida mara nyingi iko chini: swichi imejikata, waya umeibwa au maji yameingia.

Je, nyumba za jirani zina stima? Kama nazo ziko gizani, huenda ni stima ya mtaa mzima iliyopotea, na hilo ni la Kenya Power.

Je, taa zinawaka mchana? Basi kifaa kinachohisi mwanga, ambacho mafundi hukiita fotoseli, huenda kimeharibika.

Hilo la mwisho watu hawaliripoti, kwa sababu taa inayowaka haimuudhi mtu. Lakini pigeni hesabu nami. Nguzo yenye taa nane za zamani za wati 400, zikiwaka saa 12, hutumia zaidi ya yuniti 38 kwa usiku mmoja. Tukiweka taa za LED za wati 200, matumizi hushuka hadi yuniti 19 hivi. Sasa LED hizo zikiachwa ziwake usiku na mchana, tunarudi kwenye yuniti 38. Tumenunua taa mpya, na faida yote imepotea kwa sababu ya kifaa kimoja kidogo.

Nne, usalama. Mlango wa nguzo ukiwa wazi, msiuguse, na wafukuzeni watoto hapo. Anayevuta waya kutoka kwenye nguzo hadi kibandani mwake anaweka kifo mahali ambapo watu hupita, hasa mvua ikinyesha. Kuhusu wizi wa nyaya, mnakumbuka Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu nchini baada ya miundombinu ya stima kuharibiwa. Kuiharibu ni kosa chini ya Sheria ya Nishati ya 2019. Mkimwona mtu akichimba kwenye nguzo usiku, bila gari la kazi wala sare, piga ripoti kwa polisi au kwa kamati yenu ya Nyumba Kumi.

Mwisho, ripoti yako ipeleke kwa msimamizi wa wadi, na uandike tarehe uliyoipeleka. Siku zikipita bila jibu, rudi na tarehe hiyo mkononi. Ukija nayo, sisi huku ofisini hatutakuwa na pa kujificha, na ndivyo inavyotakiwa.

 Sasa nipo tayari kwa maswali.