Karo, fundi, na deni letu sisi wenyewe

(Maneno ya kamati ya ujenzi katika mkutano mkubwa wa wanamemba, Baraka)

Mwenyekiti ametupa dakika ishirini tuseme habari ya karo. Sisi tuliotoka Nyarugusu tumezoea kusema vigae ao taili. Hapa sokoni mtasikia karo. Ni kitu kimoja.

Kuna waliotuuliza: karo si mambo ya matajiri? Ndugu zetu, wengi wetu tulivuka ziwa 1996. Watoto wetu walijifunza kutembea juu ya udongo, na funza tuliwatoa vidoleni kwa pini. Mtu akirudi kwao na kutaka sakafu ya kuosha kwa maji, hayo si majivuno. Lakini pesa yetu ni kidogo, na mwaka huu tumepoteza. Tunaanza hapo, maana mnayajua tayari.

Mama mmoja mjane, memba wetu, alikopa katika sanduku la kijani. Alitaka kuweka karo katika chumba cha mbele, apangishe fundi cherehani, na kodi ilipe deni. Sisi kamati ndio tulimtafutia fundi. Tulimchukua kijana mmoja kwa sababu tulikaa naye zone moja kambini. Hatukuuliza kazi yake iko wapi. Mvua zilipoanza, karo zikainuka katikati ya chumba kama mgongo wa kobe. Mpangaji akakataa kuingia. Mama amebaki na deni na hana kodi.

Tulirudi tukang'oa karo chache tuone. Simenti ya chini ilikuwa na siku tisa tu wakati alipoweka karo. Ingepaswa kukauka karibu wiki nne. Mchanga ulikuwa na udongo ndani. Chini ya kila karo aliweka mabonge matano ya simenti, manne pembeni na moja katikati, na kati ya mabonge ni hewa. Tena karo ziligusana, hakuna nafasi hata ya milimetre mbili. Zikipata joto hazina pa kwenda, zinasukumana, zinapanda juu.

Sasa tuseme tulichojifunza, ili mwingine asilipe mara ya pili.

Kwanza parsele. Kama kiwanja kingali na kesi kwa chef ao kwa tribinali, usiweke karo. Bati unaweza kung'oa ukaenda nayo. Karo iliyoshikwa na simenti hutaiondoa nzima. Maliza karatasi, kisha maliza paa, ndipo uangalie sakafu.

Pili, hesabu. Chumba cha metre 4 kwa 3 ni metre kare 12. Karo ya sentimetre 40 kwa 40, metre kare moja inakula 6 na robo. Kwa hiyo unahitaji 75. Ongeza moja katika kumi kwa zitakazokatwa na kuvunjika: 83. Angalia karto ina ngapi, nunua karto kamili, na zinazobaki uzifiche chini ya kitanda. Siku karo moja ikipasuka utatushukuru.

Tatu, kuchagua. Karo zinazometameta zinapendeza dukani, lakini kwenye baraza na mahali pa kuogea zinateleza. Huko chukua yenye ngozi ngumu kidogo. Ya ukutani usiweke chini, ni laini. Igeuze, mwaga tone la maji mgongoni: ikinywa haraka, hiyo ni ya ukutani. Panga karo nne juu ya meza zikitazamana: kama moja imepinda, ao pembe hazikutani, kataa karto ile. Na soma namba za karto. Rangi yenye jina moja inaweza kutoka kiwandani kwa mara mbili tofauti, moja ikawa nyeupe kuliko nyingine. Mkinunua nusu leo na nusu mwezi ujao, chumba kitakuwa na kiraka. Karo zinazotoka Kigoma kwa boti, fungueni karto palepale bandarini mbele ya mwenye mzigo. Ukifungua nyumbani, zilizovunjika ni zako.

Nne, fundi. Masoni mzuri wa matofali si lazima awe fundi wa karo. Mwambie akupeleke katika nyumba aliyofanya, na iwe imepita mvua moja. Vua kiatu, gonga sakafu kwa sarafu ao kwa kipini cha kisu. Ikilia kama ngoma, chini kuna hewa. Muulize mwenye nyumba, si fundi. Kisha muulize fundi mwenyewe maneno matatu: utajuaje kama chumba kimenyooka? Maji ya mahali pa kuogea yataelekea wapi? Utajaza viungo lini? Fundi anayejua atakwambia anapima metre 3 ukuta huu, metre 4 ukuta ule, na kutoka ncha hadi ncha lazima iwe 5. Atakwambia sakafu ya kuogea inashuka sentimetre moja ao mbili kila metre kuelekea tundu. Na viungo anajaza kesho yake, hakuna mtu kukanyaga kabla.

Tano, karatasi. Hata kama ni shemeji yako, andikeni. Bei ya kila metre kare, nani ananunua simenti, nani analipa karo zinazovunjika mkononi mwa fundi, siku ya kumaliza. Avansi isipite sehemu moja ya tatu. Sehemu ya mwisho ibaki mpaka mmegonga sakafu pamoja, wiki mbili baadaye. Mashahidi wawili watie mkono. Karatasi haivunji undugu. Kilichovunja undugu kwetu ni kukosa karatasi.

Sasa deni la mama. Yule kijana si mwizi. Aliogopa kusema kwamba hajui, na sisi hatukumuuliza. Amekubali kung'oa na kurudisha bila malipo, chini ya macho ya fundi mzee ambaye sisi kamati tutamlipa kutoka mifukoni mwetu. Simenti mpya pia ni yetu. Karo zilizovunjika ni kumi na nne, na hizo ndizo tunazoomba mkutano ubebe. Tena tunaomba mama asitozwe faida kwa miezi ile chumba kilipokaa bure. Hakukosea yeye. Alituamini.

Mkikubali, inueni mikono. Mkikataa, tutalipa hata karo hizo kumi na nne pole pole, lakini mama asiguswe.

Kazi itaanza baada ya mchanga kuoshwa. Anayetaka kuona jinsi karo inavyowekwa, aje asubuhi na ndoo yake.