Jukwaa Halisimami kwa Waigizaji Peke Yao

MTANGAZAJI: Leo tunaye mama mmoja, mkimbizi mwenzetu, kiongozi wa kikundi cha maigizo. Wanachangisha ili jukwaa lao lifunguliwe tena. Karibu, mama.

MZUNGUMZAJI: Asante, mwanangu. Shikamooni wazee. Habari zenu, akina mama na vijana.

Wengi wa kambini kwetu wanatujua kwa maigizo yetu. Tuliigiza habari za kipindupindu, ndoa za utotoni, na ugomvi wa foleni ya maji. Watu walicheka, wakarudi nyumbani wakijadiliana. Lakini ni wangapi walimwona kijana aliyekaa kando na jenereta? Huyo hakupigiwa makofi hata siku moja. Mwaka jana alipata safari ya nchi ya tatu, tukamuaga kwa furaha. Wiki iliyofuata tulikusanyika kuigiza, tukakuta hakuna hata mmoja wetu ajuaye kuunganisha spika. Watu wakasubiri, wakachoka, wakaenda zao. Baadaye upepo ukachana turubai, na betri ikafa. Tangu hapo jukwaa limefungwa.

Hapo tukajifunza jambo. Kambini watu huja na kuondoka. Mmoja anarudi nyumbani, mwingine anahamishwa. Ujuzi ukiwa kwa mtu mmoja, akiondoka anaondoka nao. Kwa hiyo mchango tunaoomba sasa si wa turubai na betri tu. Sehemu yake ni ya kufundisha watu 12 kazi za nyuma ya pazia: sauti, taa, kushona mavazi, kujenga jukwaa, na kuwaongoza waigizaji wajue wakati wa kuingia na kutoka.

Tumewachaguaje? Zamani kazi hizi zilishikwa na vijana wa kiume wa lugha moja, kwa sababu ndio waliojuana. Wengine walinung'unika, na walikuwa na haki. Safari hii tumetangaza nafasi katika kila zoni, kwa Kiswahili, Kirundi na Kibembe. Nusu ya wanafunzi ni wanawake. Mazoezi yanaisha kabla ya giza, ili binti afike kwao salama na mzazi asiwe na wasiwasi. Kijana mmoja anayetumia kiti cha magurudumu anajifunza sauti. Tumeishusha meza ya mitambo kutoka jukwaani, tukaiweka chini anapofika. Dada mmoja asiyesikia anajifunza taa. Tunampa ishara kwa mkono, naye macho yake hayakosei.

Sasa niseme habari za fedha, maana wengine mnanisubiri hapo. Mara ya kwanza tulichangisha bila kuandika. Fedha zikaisha, na hakuna aliyeweza kueleza zilivyotumika. Tulipopita tena, mama mmoja aliniuliza mlangoni kwake, "Na zile za kwanza ziko wapi?" Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani na aibu yangu.

Sasa tumeiga vikundi vya kuweka na kukopa. Sanduku ni moja, kufuli ni tatu, na funguo ziko kwa watu watatu wa jamii tofauti. Kila Jumamosi hesabu inasomwa mbele ya watu. Wala hatupokei posho. Chakula cha watoto kisiuzwe kwa ajili ya igizo. Asiye na fedha alete misumari, uzi, nguo kuukuu, au aje na mikono yake.

Wako wanaouliza: watu wasiosomea kazi hii wataiweza? Mwaka 1977, huko Kamiriithu, karibu na Limuru nchini Kenya, wakulima na wafanyakazi wa viwandani walijenga wenyewe jukwaa la wazi, lenye nafasi ya watazamaji wapatao 2,000. Wakaigiza kwa Kikuyu, lugha yao, mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii. Serikali ya wakati huo iliuzuia mchezo, na mwaka 1982 jukwaa likabomolewa. Lakini kwamba wanakijiji waliweza, hilo halikubomolewa.

Sisi tunataka kufungua tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani. Turubai tumepata, betri bado. Siku hiyo, kabla igizo halijaanza, wale 12 watasimama mbele, watu wawaone. Na yule mama aliyeniuliza mlangoni? Ufunguo mmoja wa sanduku anao yeye.

MTANGAZAJI: Msikilizaji, zungumzeni kikundini kwenu: ni kazi gani inayojulikana na mtu mmoja tu? Je, akiondoka kesho, nani ataifanya? Na nani hajawahi kupewa nafasi ya kuijifunza? Hadi kipindi kijacho, kaeni salama.