Mipaka ya Maeneo ya Bunge: Nani Anashika Kamba?

Ndugu na dada wa vikundi, wengine wenu mnasema mipaka ni mambo ya wanasiasa. Haya, tuanze na kikundi.

Tuseme kikundi kina wanachama 40. Kijiji cha mwenyekiti kina watu 12, na vijiji vingine viwili vina watu 14 kila kimoja. Tunataka kamati ya watu 5. Mwenyekiti anakata kijiji chake vipande vitatu, kila kipande kitoe mjumbe mmoja. Vile vingine vinabaki vilivyo, mjumbe mmoja mmoja. Kamati ni yake, na hakuna kura hata moja iliyoibwa!

Nchi yetu imeyaona hayo. Mwaka 1992 Rais Moi alipata kura kama 36 kwa mia, lakini KANU ikachukua viti 100 kati ya 188. Kweli, upinzani uligawanyika. Lakini pia maeneo mengi ya ngome ya KANU yalikuwa na wapiga kura wachache mno kuliko yale ya Nairobi, na tume ya uchaguzi iliteuliwa na Rais mwenyewe.

Katiba ya 2010, Kifungu cha 89, ilikuja kufunga mlango huo. Maeneo ni 290, na watu wakaribiane kwa idadi. Mijini na kwenye watu wachache inaruhusiwa tofauti ya hadi 40 kwa mia, kwingine 30. Mimi naona ni haki, kwani mbunge wa Marsabit ana nchi kubwa ya kuzunguka.

Tena mipaka ipitiwe upya baada ya miaka 8, isizidi 12. Iliyopo ilitangazwa Machi 2012. Hesabuni wenyewe. Machi 2024 ilifika, ikapita. Tume haikuwa na makamishna wa kutosha tangu Januari 2023. Wapya waliapishwa Julai 2025. Katiba inaamuru, lakini haina mikono ya kushika kamba.

Na sisi? Pesa za CDF hugawanywa kwa eneo la bunge. Penye watu wengi kupita kiasi, basari ya mtoto wako inakuwa nyembamba.

Basi tume ikiita kikao, msiende mikono mitupu. Andikeni idadi ya watu, mto usiovukika wakati wa mvua, soko mnalotegemea. Mipaka ikishatangazwa katika Gazeti la Serikali, mwananchi asiyeridhika ana siku 30 tu kwenda Mahakama Kuu.