Barafu Haina Bima

Gari limeteleza Minnesota, Marekani, limegonga la mbele. Hakuna aliyeumia, ni bampa tu. Nani alipe?

Jamaa zetu waishio huko husikia kuwa bima ya jimbo hilo haitafuti mkosaji, wakadhani yamekwisha. La hasha! Hiyo ni ya majeraha: matibabu, kima cha chini dola 20,000. Bodi iliyobonyea bado ina mwenye kosa.

Dereva atasema ni barafu. Sawa, hakuimwaga yeye. Lakini bima itauliza: mbona hukuacha nafasi? Hapo bima ina hoja.

Kwa upande mwingine, kumalizana wenyewe kwa pesa taslimu huenda kukaepusha ada ya bima kupanda. Lakini je, mwenzako akiamka kesho shingo inamuuma, makubaliano hayo yatamlinda nani?